Ngazi Yake na Ngazi Yangu

Siku yangu ya kwanza kazini kwenye mashamba ya mawese ya Rumonge nusura iwe ya mwisho, na kilichotaka kuniua ni neno. Hata leo nikilikumbuka mwili unanisisimka. Nyinyi vijana mnasema kazi yenu ngumu; haya, sikilizeni.

Nilikuwa nimerudi kwetu kutoka Tanzania, nilikokulia ukimbizini. Kule mti wa mawese tuliuita mchikichi, na tunda lake chikichi. Kapita, yaani msimamizi wa vibarua, akaniweka kwa mkataji mmoja wa chikichi, Mkongomani, Papa Furaha. Yeye alipanda kwa mkanda uliozunguka kiuno chake na shina la mti. Mimi nilikuwa wa kuokota. Hakuna aliyenieleza zaidi.

Mara nikasikia kutoka juu: "Ngaziii!" Nikasema moyoni, maskini, anataka kushuka. Kibandani palikuwa na ngazi ya mbao. Nikaibeba mbio hadi chini ya mti. Puu! Rejime, yaani mkungu mzima wa chikichi, mzito na wenye miiba, ukaipasua ngazi mikononi mwangu. Nilibaki nimeshika vipande viwili, na suruali yangu... tuyaache hayo.

"Yampaye inka!" kapita alipiga kelele kwa mshangao. "Weye, unakimbilia kifo na eshele?"

Eshele! Kumbe ngazi yangu kwao ni eshele. Ngazi yao ni tunda, na mti wenyewe ni mgazi. Kwa Kirundi, ikigazi. Mkataji akiita ngazi, watu wanakimbia.

"Mutoto ya Tanzania," Papa Furaha aliniambia aliposhuka, "ngazi yako inapandisha watu. Yangu inaua."

Tulibishana miaka na miaka kuhusu asili ya neno hilo. Yeye alisema tunda lilitangulia, eshele ikaiba jina. Mimi nilisema mti uliitwa hivyo kwa sababu makuti yakikatwa, vikonyo vyake hubaki shinani kama vipandio. Kapita alituita wapumbavu wote wawili.

Baadaye tulihamishiwa Minago. Asubuhi moja mkanda wa Papa Furaha ukakatika akiwa juu. Kwa hofu likamtoka neno la kila siku; tulisikia tu: "Ngazi!" Wote wakatimka. Nami nikatimka, maana nilishajifunza. Halafu sauti ikapasuka: "Tanzania! Ngazi yako! Ngazi yako!"

Mungu wangu! Niligeuka. Alikuwa ananing'inia kwenye kuti kwa mikono miwili. Wenzangu walizidi kukimbia. Kwao ngazi ni ngazi. Nikaikwapua eshele iliyoegemea mti wa jirani, nikaisimamisha. Miguu yake iliigusa eshele wakati kuti linaanza kuchanika.

Sasa tumestaafu wote. Akija kwangu hapigi hodi, mzee mtundu yule. Anasimama mlangoni anaita, "Ngaziii!" Moyo unaniruka, natazama juu, ndipo ninamuuliza, "Yangu au yako?"

"Yako, ndugu yangu," anajibu. "Ile ya kushukia."