Nyembe za Kaka Eliamani

Ninayoyaeleza hapa niliyaona kwa macho yangu, nikiwa na akili timamu, sijaonja pombe, na jua lilikuwa halijazama kabisa. Nasema hivyo mapema kwa sababu mimi si mtu wa kuamini kila kinachosemwa. Sikufika mbali shuleni, lakini nimejisomesha mwenyewe, na jambo lolote napenda kulipima kabla ya kulikubali. Hili nimelipima miaka mingi. Bado limesimama palepale.

Limenirudia juzi. Binti yangu aliagiza mtandaoni, kutoka Dar es Salaam, mashine ya kunyolea ya mumewe na mafuta ya kupaka baada ya kunyoa. Mzigo ukachelewa. Akawa anazunguka ndani na simu yake, akimlaumu dereva, muuzaji na mtandao. Nikamwambia, mwanangu, shukuru kwamba unalalamika na mumeo yupo hai, ndevu tu ndizo zimemzidi. Akaniuliza nina maana gani. Nikamweleza, na sasa nakueleza wewe.

Kaka yangu Eliamani alikuwa kinyozi. Alinyoa watu miaka mingi kwenye mashamba ya mkonge kule tambarare, vibarua waliotoka kila pembe ya nchi. Aliporudi kijijini kwetu, huku milimani juu ya Mwembe, alirudi mgonjwa. Ulikuwa ule ugonjwa ambao miaka ile watu waliutaja kwa kunong'ona. Yeye hakunong'ona. Alituita mimi na mkewe, Nakijwa, akasema, "Nikifa mtanyoa, najua. Lakini wembe mmoja usipite vichwa viwili. Nimeona mengi kule mkongeni. Kila mtu na wembe wake."

Katika ukoo wetu msiba hauishi mpaka wafiwa wanyolewe. Mjane huanza, maana anayenyolewa kwanza ndiye mwenye msiba, na wengine humfuata. Kabla ya hapo mjane hatoki nje ya ua wala hashiki jembe. Na zamani wembe ulikuwa mmoja, ukipita kichwa kwa kichwa. Hilo ndilo kaka alilotaka kulizuia.

Lakini nyembe nzuri zingetoka wapi? Ilikuwa miaka ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Baada ya kuzoea foleni za sabuni na sukari, tulianza kuona maduka ya mji wa Same, kule chini, yakijaa mitumba na redio, ila nyembe zilizoletwa zilikuwa za hovyo, zinakwaruza badala ya kukata. Kaka alizijua nyembe. Akamwandikia mwenye duka mmoja wa Dar aliyekuwa akimuuzia tangu zamani, akaagiza boksi la nyembe, sabuni ya kunyolea na brashi. Aliagiza vifaa vya msiba wake mwenyewe. Umewahi kusikia mtu akifanya hivyo?

Mzigo ulikuwa uje kwa basi na kuachwa kwa wakala mmoja wa mizigo pale Same. Sitamtaja jina. Haukuja. Wakala aliniambia mara basi limeharibika njiani, mara mzigo umepitilizwa Moshi kwa bahati mbaya. Kila niliporudi kutoka Same kaka aliniuliza, "Umefika?" Nikimjibu bado, anageukia ukutani. Akafa akiungoja.

Tukamzika na koti lake la kijivu na soksi, bila viatu. Mvua zikaanza milimani. Majirani wakapanda mahindi na maharage, na Nakijwa akakaa ndani ya ua na nywele zake, akitazama shamba lake likiota magugu. Watoto wake hawakuwa na kingine cha kutegemea zaidi ya shamba lile. Wazee wakasema tutafute wembe wowote tumalize. Nakijwa akakataa.

"Alisema kila mtu na wake," aliwaambia. "Siwezi kumdanganya naye bado yuko hapa mlangoni."

Ndipo jirani mmoja aliyetoka sokoni Same akaniambia ameona kwa wakala boksi lenye jina la kaka yangu. Nikashuka siku hiyohiyo.

Kabla sijaingia nilipishana mlangoni na vibarua wawili wa mkonge, kila mmoja na wembe mpya mkononi. Ndani kulinukia sabuni ya kunyolea. Kidevu cha wakala kiling'aa. Nyuma yake, kwenye rafu, boksi lilikuwa limeshafunguliwa. Alikuwa anauza nyembe za kaka mojamoja.

"Nimekuja kuchukua mzigo wa Eliamani," nikasema.

"Wewe ndiye Eliamani?"

"Unanijua mimi ni nani. Eliamani amefariki."

"Nimesikia. Lakini mzigo una jina lake, ndugu yangu, na mimi nafuata utaratibu. Aje mwenyewe."

Watu waliokaa kwenye benchi wakacheka. Mmoja akasema, "Mtumie nauli basi."

"Atakuja tu," wakala akamjibu, "labda huko aliko mabasi ni ya asubuhi."

Nikatoka. Gari la kupanda Mwembe lilikuwa limeshaondoka, nikakaa kwenye ngazi za nje. Nilikaa pale nikimwombea mabaya yule mtu, moja baada ya jingine, kwa utulivu, bila kuruka hata moja. Watu wa benchi wakaondoka kwenda makwao. Jua likaelekea kuzama na upepo ukawa unapeperusha vumbi barabarani.

Akaja mtu kutoka upande wa Mwembe. Alitembea katikati ya barabara, polepole, bila viatu. Soksi zake zilikuwa zimelowa na kushika udongo mwekundu wa kwetu, na Same ilikuwa haijaona tone la mvua. Alivaa koti la kijivu. Ndevu zilimfika kifuani, na mimi ndiye niliyemnyoa kabla hatujamlaza kwenye jeneza.

"Shikamoo kaka," nikasema. Niamini, mdomo ulitangulia, akili ikafuata. Akaniinulia mkono, kama alivyozoea akiwa kazini na hataki kuongea, akanipita na kuingia ndani.

Nilisimama mlangoni. Je, niliogopa? Niliogopa. Lakini ndani ya ile hofu mlikuwa na furaha, na furaha ndiyo iliyokuwa kubwa.

"Nimekuja kuchukua mzigo wangu," kaka akasema. Sauti ilikuwa yake, imekauka kidogo.

Wakala alikuwa ameinama akifunga kifurushi. "Jina?"

"Eliamani."

"Nyie watu wa milimani mna utani mbaya," akasema, akainua uso. Alimjua. Kaka alikuwa amemnyoa mara nyingi enzi za uzima wake. Kamba ikamponyoka. Akalishusha boksi, akaliweka mezani, kisha akarudi nyuma mpaka ukuta ukamzuia.

Kaka akachungulia ndani ya boksi. "Umeshaanza kidevu," akasema bila kufoka. "Kaa tumalizie."

"Eliamani, nisamehe. Zilizotoka nitazitafuta zote."

"Kaa. Kuna watu wananingoja nyumbani."

Akakaa. Kaka akamfunga shingoni turubai la kufunikia mizigo, akalowesha brashi kwenye kikombe cha chai iliyopoa, akampaka povu kichwani. Akaanza utosini, taratibu, kwa mkono ule mwepesi niliokuwa nimeusahau. Wakala alilia bila sauti. Angeweza kukimbia? Mlango ulikuwa wazi, ila mimi nilikuwa nimesimama hapo, na sikusogea.

Nilielewa kabla yake. Kichwa cha kwanza kunyolewa kwa ajili ya Eliamani hakikuwa cha Nakijwa. Kilikuwa cha yule mtu. Kaka alikuwa anamkabidhi msiba.

Alipomaliza alifuta wembe, akauweka mezani mbele ya wakala. "Huu ni wako," akamwambia. Akapita karibu nami, na nilisikia ubaridi wa udongo uliochimbwa. "Mwambie Nakijwa apande," akasema, akarudi na njia aliyojia.

Kesho yake nilipanda na boksi. Nyembe zilizobaki zilitosha, kila mtu na wake. Nakijwa akanyolewa, akaoga, akachukua jembe makande ya kumaliza msiba yakiwa bado jikoni. Maharage yake yalichelewa kuliko ya wengine, lakini yalizaa, na watoto walikula.

Wakala nywele hazikumwota tena. Hilo si neno, wenye vipara wako wengi. Lililompata ni kwamba watu wasiomjua walianza kumpa pole. Akiingia dukani, muuzaji anamwambia, "Pole na msiba." Kwenye basi mama wa watu anamshika mkono: "Poleni sana, kazi ya Mungu." Akiuliza nani amekufa, hawajui, wanasema wameona tu usoni. Kila mara alikimbia nyumbani kuangalia nani ameanguka. Hakukuwa na aliyekufa, naye hakuweza kutulia hata siku moja. Watu wakaacha kumpa mizigo yao, kwani nani humsumbua mtu aliye msibani? Akahamia Tanga. Tanga nako wakampa pole, akarudi.

Mwishowe alipanda kwetu, akapiga magoti uani. Msiba wa namna hiyo huondolewa na ndugu wa marehemu. Wanakaa na mtu, wanakula naye chungu kimoja, wanamwambia umekwisha. Nakijwa alitaka kukubali. "Shemeji, imetosha," aliniambia. "Na yeye ana watoto." Lakini neno ni la ndugu wa kiume wa marehemu, na ndugu huyo ni mimi. Nilisema hapana. Mchungaji naye ameshanisihi, nikamsikiliza kwa heshima, nikasema hapana. Unaniona mkatili? Wewe hukulala chumba kimoja na mtu anayeungoja mzigo kuliko anavyongoja dawa.

Kwa hiyo wewe unayeshika vitu vya watu, iwe stendi, posta au nyuma ya pikipiki, usimwambie mtu kesho na kitu chake kiko mgongoni kwako. Hujui kimeagizwa kwa ajili ya nini, wala hujui atakayekuja kukifuata ni nani.

Yule mtu bado yupo Same. Amezeeka, hukaa karibu na stendi na kofia yake. Nikishuka sokoni hupita mbele yake makusudi. Yeye hunyanyuka, hunitazama, hungoja neno moja tu kutoka kwangu. Nami humwambia, "Pole na msiba," nikaenda zangu.