Kamera Haikohoi

Naikumbuka vizuri alasiri niliyofika Mjambere, mwanangu, kwa sababu ndiyo mara ya mwisho maishani mwangu nilipofika mahali nikakuta mtu ananingoja. Nilikuwa nimetoka Tunduma, mpakani mwa Zambia, nimelala juu ya magunia ya mchele hadi Dar es Salaam. Tanga nilikaa kidogo kutafuta kibarua, nikakikosa. Nikavuka mpaka Lungalunga na begi moja lililokatika mkanda, nikafika Likoni, nikavuka feri nimesimama, nikakata mji mzima wa Mombasa kwa miguu hadi darajani, na ng'ambo ya daraja Kisauni ikaanza, ndiko iliko Mjambere. Kabla ya Tunduma nilikuwa Mwanza, na kabla ya Mwanza nilikuwa Kitale. Mtembezi hula miguu yake, walisema wazee, nami yangu nilikuwa nimeila hadi magotini.

Najua umeniuliza kamera gani umfungie mama yako nje ya nyumba, nami nakuzungusha Tunduma. Nivumilie. Jibu lako liko njiani.

Aliyekuwa akiningoja ni shangazi yangu, dada wa baba, Bi Zuhura. Alikuwa mjane, na mwanawe wa pekee, Swaleh, alikuwa akifanya kazi Maskati. Nilipobisha hodi mlango wa mbele hakuna aliyeitika, ila kicheko kilitoka nyuma ya nyumba, kicheko cha wanawake wengi. Nikafuata sauti. Nilipokaribia pembe ya nyumba, mama mmoja akapaza sauti bila hata kuniona: "Wewe mwenye viatu vizito, huna kifua? Kohoa!"

Hapo ndipo nilipoijua desturi ya uani pale. Shangazi alikuwa mchora hina, na kila baada ya swala ya alasiri wanawake wa mtaa walikusanyika kwake. Buibui zilitundikwa ukutani, mitandio ikavuliwa, huyu anasukwa, yule anachorwa miguu, mwingine amejilaza tu kwenye mkeka akipumzisha mgongo. Mwanamume aliyekuwa na haja huko alikohoa kabla ya kupinda pembe, akasubiri. Ndani wakajifunika, kisha akaambiwa pita. Hakuna aliyeandika sheria hiyo popote, lakini hata muuza makaa aliifuata.

Nilikohoa. Wakajifunika. Nikaingia nikamwamkia shangazi shikamoo, naye akaitika marahaba huku machozi yanamtoka, mikono yake imejaa hina hata hakuweza kunikumbatia.

Nikapewa chumba cha mbele. Nikapata kibarua cha kupanga mizigo katika ghala moja huko Port Reitz. Siku nilizokosa kazi nililala chumbani na kusikiliza kile kicheko kupitia ukutani. Sikuweza kwenda kukaa nao, mimi mwanamume, lakini nakwambia ukweli, mtu aliyezoea kulala stesheni na vituo vya malori, kicheko cha upande wa pili wa ukuta kinamtosha kuita pahali nyumbani.

Sasa tuje kwenye kamera. Asubuhi moja tuliamka tukakuta pampu ya maji imeng'olewa na sufuria za shangazi hazipo. Mwizi alikuwa ameruka ukuta wa nyuma. Siku hizo Kisauni ilikuwa na hofu ya vijana wanaotembea na mapanga, na Swaleh aliposikia habari ile hakupata usingizi. Akanipigia simu, akanituma mjini nimnunulie mama yake kamera ya nje, na mimi nikafurahi kutumwa. Wakati huo nilikuwa sijafika arobaini, najiita kijana, na kwa mara ya kwanza nilikuwa nimekabidhiwa nyumba ya watu niilinde.

Dukani niliuliza maswali mazuri, usidhani sikuuliza. Niliuliza kama itastahimili mvua ya masika. Niliuliza kuhusu hewa ya chumvi, kwa sababu hapa pwani misumari huoza ukiitazama. Niliuliza stima ikikatika itakuwaje, na kama inaona gizani, na kama picha zinabaki ndani yake hata mtandao ukipotea. Muuzaji alinionyesha moja inayotazama mahali pamoja tu, imekodoa kama samaki. Kisha akanionyesha nyingine inayogeuza shingo, inayomfuata mtu anakokwenda, inayosikia na kusema. Nikampigia Swaleh. Akasema chukua hiyo ya pili, anataka kuuona ua wote kama vile amesimama pale.

Fundi akaja kuifunga. Shangazi akauliza kwa upole, mbona tusiielekeze langoni. Nikamjibu kwa ujuzi wangu wa siku moja kwamba mwizi hapigi hodi langoni, mwizi anaruka ukuta wa nyuma. Akanitazama, akasema haya. Mwanangu, ukisikia mwanamke mtu mzima wa pwani anasema haya halafu ananyamaza, rudi umwulize tena.

Alasiri ile wanawake walikuja kama kawaida. Wa kwanza kuigundua alikuwa Bi Riziki, yule yule aliyeniamuru nikohoe, jirani wa ukuta mmoja na bibi wa wajukuu tele. Nilimsikia kutoka chumbani.

"Jamani, hii inanifuata tangu mlangoni hadi mkekani. Zuhura, mwambie mwanao akitaka kuniona kichwa wazi alete posa. Mahari yangu haijashuka."

Walicheka, wallahi, walicheka hata nikatabasamu peke yangu kitandani. Lakini baada ya kicheko nikasikia vitambaa vikitikiswa, na mazungumzo yakashuka, yakawa ya watu walio kwenye foleni ya hospitali. Siku iliyofuata walikuja wachache na buibui zao hawakuzivua. Muda ulipopita, akaletwa bi harusi mmoja kuchorwa. Mama yake aliinua macho, akaiona, akamfunika binti kanga usoni na kumtoa. Harusi ile hina ilichorwa nyumba nyingine.

Swaleh hakuwa mtu mbaya. Aliapa haangalii, na mimi namsadiki, maana simu yake ilikuwa ikimlilia kila kunguru alipotua uani, na kunguru wa Mombasa unawajua. Mwishowe akaizima ile kengele apate kufanya kazi. Lakini aibu ya mwanamke haingoji ushahidi. Macho hayana pazia. Mwanamume hukohoa, ukajifunika. Kamera haikohoi.

Nikawa nikirudi kutoka Port Reitz nakuta shangazi amekaa peke yake, hina imekaukia bakulini. Nilimwuliza wako wapi wenzake. Akasema wana shughuli. Nami nikaamini, kwa sababu kuamini kulikuwa rahisi.

Kisha ikaja siku ile. Kule ghalani simu tulikuwa tunaziacha langoni, hata ningepigiwa nisingesikia. Nilirudi nyumbani jua likizama, nikabisha, kimya. Nikazunguka nyuma, na kwa mazoea nikakohoa penye pembe. Hakuna aliyeniambia pita. Nilimkuta chini karibu na tangi la maji, penye utelezi, amelalia ubavu, mdomo umemkauka, kanga imelowa. Alikuwa ameanguka muda mfupi baada ya alasiri, saa ile ile ambayo zamani uani palikuwa hapatoshi. Nyonga ilikuwa imevunjika. Aliita, lakini Bi Riziki alikuwa amekwishahamishia kikao upande wa pili wa mtaa, na sauti ya mzee haifiki mbali. Nilipoinama kumwinua nikasikia mvumo mdogo wa mashine juu yangu. Kamera ilikuwa inageuka kututazama.

Hospitalini nilitaka kusema mengi, nikasema pole tu. Akanishika kidole.

"Iliniona, baba. Nilipokuwa najivuta na yenyewe inageuka nami. Nikaisemesha kama mwendawazimu, njoo basi uniinue."

Nikainamisha kichwa. Hakupandisha sauti hata kidogo.

"Ulipokwenda dukani uliuliza kama itastahimili mvua na chumvi. Vizuri. Hukuniuliza mimi hukaa na nani pale nje."

Hayo ndiyo makaripio niliyoyapata. Nimetukanwa na madereva wa malori kwa lugha nyingi, na hakuna tusi lililonikaa kama maneno yale ya upole.

Siku iliyofuata nilipanda ngazi mwenyewe. Nikaihamishia langoni, juu ya nguzo, nikaiamuru itazame njia tu, isigeuke. Nikaenda kwa Bi Riziki, nikakohoa, nikamwambia ua uko wazi. Akasema nimechelewa lakini nimefika. Shangazi alipotoka hospitali walikuja wote, wakamzunguka kitandani, wakamsuka, wakamchekesha hata akaomba wamwonee huruma nyonga yake. Nilikaa chumbani kwangu nikasikiliza.

Haikudumu. Kutembea hakukuweza tena, na Swaleh akaja kumchukua ampeleke Maskati. Hakunilaumu, na hilo lilikuwa zito zaidi. Siku walipokwenda uwanja wa ndege mtaa mzima ulijaa mlangoni, kisha kila mtu akarudi kwake, nami nikabaki na nyumba. Wanawake hawakuwa na sababu ya kuja tena, na haikuwa sawa waje penye mwanamume peke yake. Kila alasiri nilitoka, nikafagia ua ambao haukuwa na taka, nikarudi ndani.

Basi, mwanangu, nunua kamera. Sikukatazi. Wezi wapo, na mama yako anastahili kulala usingizi. Chagua isiyopitisha maji, yenye vyuma visivyoliwa na chumvi, yenye betri ya kuishika stima ikikatika. Lakini kabla ya hayo yote kaa na mama yako siku nzima. Tazama nani humjia, saa ngapi, hukaa wapi, na hufanya nini wakikaa. Mahali hapo usipaguse. Ielekeze langoni na njiani, inakopita miguu ya wageni, na majirani waambie mapema ipo na inaona wapi. Kama mama akisema haya akanyamaza, ishushe umwulize upya. Na usidhani ukiwa nayo simuni ndio uko nyumbani. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Anayemwinua mama yako akianguka ni yule jirani mwenye kelele, na jirani huyo akikimbia, huna kamera itakayomrudisha.

Mimi niliondoka Mjambere siku Swaleh alipopata wapangaji. Nilimkabidhi Bi Riziki funguo, naye akanifungia mahamri kwenye gazeti, akaniambia kwa mara ya kwanza kwamba sasa kifua changu kinasikika. Nikatoka langoni na begi langu. Nilikuwa nimekwishapiga hatua kadhaa niliposikia sauti juu ya nguzo ikiniita jina langu la utotoni, ambalo hakuna mwingine duniani aliyebaki kulijua.

Nikaitika, "Labeka, shangazi."

"Nimekuona unatoka. Umekonda."

Nikasema sijakonda. Akauliza naenda wapi, nikasema Lodwar, labda. Nikasikia kiyoyozi cha nyumba ya huko Maskati kinavuma nyuma yake. Kisha akaniombea, taratibu, neno baada ya neno, nami nimesimama katikati ya njia nimeinua viganja, watu wananipita wakinishangaa. Yeye aliniona. Mimi niliona nguzo.

Sijarudi tena. Dua ile ndiyo mali niliyotoka nayo Kisauni, na leo nakupa wewe kama nilivyopewa: Mungu akutangulie uendako na akulinde nyuma utokako. Akujaalie mlango wenye watu, na siku utakapoanguka, mkono wa kukuinua uwe karibu kuliko jicho la kukutazama. Amin.