Mikono ya Elikana

Jumanne, tarehe 14 Machi 2023. Saa mbili na dakika kumi asubuhi, dawa ya usingizi ilipunguzwa. Saa mbili na dakika thelathini na moja, mgonjwa wa chumba cha mahututi alifumbua macho. Dakika moja baadaye alikuwa amekwisha kuchana bendeji iliyofunga mkono wake wa kulia kitandani, na ngumi yake imemvunja jino muuguzi Winfrida.

Mgonjwa huyo, Elikana, alikuwa mvuvi wa ufukwe wa Kibirizi. Siku nne nyuma, majambazi walimpiga makasia kichwani wakapora injini ya mtumbwi wake. Sasa alipumua kwa mashine, na mapafu yalikwisha kuingia usaha. Daktari alisema asipoamka leo akatolewa mpira wa kupumulia wa kooni, huenda asiamke tena. Lakini akiung'oa mwenyewe, atakufa.

Kwa hiyo Winfrida, mzaliwa wa Mwandiga asiyeacha mstari mtupu kwenye fomu, alikuwa ameandika katika mpango wa uuguzi: mikono ifungwe.

Wahudumu watatu wa kiume walimlalia Elikana, wakaufunga tena ule mkono. Sinia la vifaa lilipinduka. Damu ikaruka ukutani.

"Mkazeni! Ana nguvu za nyati huyu!" alifoka Sista Scola, mkuu wa zamu. "Winfrida, mrudishie dawa ya usingizi!"

Mlangoni, Mapendo, mke wa Elikana, alipiga yowe. "Mnamfunga tena? Majambazi walimfunga kwa kamba ya nyavu ndipo wakampiga! Kamba niliikata mimi!"

Winfrida alitema damu. "Mbona hukuniambia, mama?"

"Uliniuliza kama ana sukari na anakula nini. Hilo hukuniuliza."

Winfrida alichukua mkasi.

"Akiung'oa mpira, kifo kitaandikwa kwa jina lako," Scola alisema.

"Kiandikwe, Sista."

Alikata bendeji. Mkono wa kulia wa Elikana ukarukia mpira, ukaukamata. Mapendo aliudaka kwa mikono yake miwili, akamsemesha kwa Kiha, lugha ya kwao, taratibu, bila kukoma, hadi vidole vikalegea kimoja kimoja.

Saa tano kasoro robo daktari aliutoa mpira. Elikana alikohoa damu, akapumua mwenyewe. Winfrida aliufuta ule mstari wa kufunga mikono, akaandika: asifungwe; mkewe akae upande wa kulia.

Mwaka mmoja baadaye, Elikana alimletea Winfrida samaki, migebuka sita. Hakujua nani alimwachia muuguzi yule pengo la jino, na Winfrida hakumwambia.