Mvuje Kwenye Tamasha la Pongwe

Jumamosi alasiri nilikwenda tamasha la muziki Pongwe, mwanangu mgongoni, mkononi kafungwa mvuje kwenye kitambaa cheusi, maana mama mkwe hakubali mjukuu wake atoke hivihivi, eti majini, na mimi ile harufu yake kali naionea haya mbele za watu.

Muziki kuanza tu, vijana wawili mbele yetu wakawasha msokoto wa bangi. Mtoto akakohoa, akakohoa tena, nyuma watu wamebanana, pa kutokea hakuna.

"Kaka zangu, samahani, nina mtoto mchanga."

Mmoja akageuka, macho mekundu. "Dada, hewa ya Mungu hii, kila mtu anavuta yake."

Jamani! Nikamshusha mtoto nimpakate, nimfunike na leso, na kile kimkono chake kikapita puani kwa yule kijana. Akakunja uso.

"Nini kinanuka hivi?"

"Mvuje."

"Wa kufukuzia majini?"

"Ndiyo."

"Sasa dada, unakujaje kwenye watu na harufu kama hii? Ustaarabu uko wapi?"

Akamvuta mwenzake shati, wakahama na msokoto wao, wameziba pua.

Mama mkwe husema mvuje unawafukuza wasioonekana; hakuniambia kama na wanaoonekana hawauwezi. Tangu siku hiyo namfunga mwanangu mvuje mimi mwenyewe, bila kuambiwa, tena kipande kikubwa.