Siku Niliyokauka na Sambusa Mkononi

Jamani, chekeni tu, maana nimeshajicheka sana, lakini hadi leo nikipita karibu na ule ukumbi pale Mbinga najifunika khanga usoni.

Mimi ni fundi cherehani wa Litembo. Siku hiyo nilikwenda kwenye mkutano wa wafanyabiashara na ovaroli ya mfano kwenye mkoba, nimeipiga pasi mpaka inang'aa, kwa sababu nilisikia afisa manunuzi wa mgodi mmoja wa makaa huko Ngaka anatafuta mtu wa kuwashonea wachimbaji, na vyerehani vyangu viwili vilikuwa vimelala tangu shule zilipofunguliwa, nikikosa kazi ile basi nauza kimoja. Sasa mwezeshaji akatuambia ukitaka kujuana na mtu, tafuta jambo mnalofanana. Wakati wa chai nikamsikia yule afisa anasema kwao ni Mbaha, kule Ziwa Nyasa, na mdomo wangu huu (Mungu ausamehe) ukaropoka, "Hata mimi wa Mbaha!"

Mbaha nilifika mara moja tu, msibani, na njia nzima nilitapika.

"Kumbe dada yangu! Wa kwa nani?"

"Pale... karibu na kanisa."

"Karibu na kanisa ndiko kwetu! Subiri, mama ndiye anajua koo zote," akasema, na kabla sijameza sambusa alishampigia mama yake simu ya video na kuniwekea mbele ya pua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu," akaitika, kisha akamwaga Kinyasa, lugha ya kwao, maneno mengi, halafu akasubiri jibu. Mimi Mmatengo, sikuambulia kitu. Ndipo nikakumbuka mtandao ukisumbua picha huwa inaganda, basi na mimi nikaganda: mdomo wazi, sambusa hewani, macho hayapepesi. Nilisahau kitu kimoja tu, kwamba mwanae alikuwa amesimama pembeni yangu ananitazama, na mama alimwona kwenye picha hiyo hiyo akijongea kama kawaida.

"Baba, huyo dada amekauka! Mdakeni!" mama akampigia kelele mwanae.

Nikadakwa. Kuamka niliona aibu, nikaendelea kukauka. Wakanilaza kwenye viti, wakanivua viatu (soksi moja ina tobo, na si dogo), wakanipa mkoba wangu mwenyewe kuwa mto, na nesi Dafrosa, jirani yangu, akaja mbio analia, "Mama Oda! Mpigieni mumewe Litembo!"

"Litembo?" afisa akauliza.

"Kazaliwa hapo, kaolewa hapo hapo!"

Nikafumbua jicho moja, kisha la pili, nikasema yote, na simu bado iko hewani. Afisa hakukasirika, na afadhali angekasirika. Aliuliza tu taratibu, "Dada, kwani wewe unafanya kazi gani?" Nikaichomoa ovaroli chini ya kichwa changu, imekunjamana yote, ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Kazi alipewa fundi mwingine na cherehani kimoja nimeuza, iliniuma kweli. Siku hizi ovaroli naitoa kabla hata ya salamu, na kwetu ni Litembo, aulize nani asiulize nani. Aliyebaki ni mama wa Mbaha, ambaye aliomba namba yangu siku ile ile, na kila Jumapili baada ya misa ananipigia, "Mwanangu wa Litembo, hujakauka tena?" Simu ya kawaida naipokea kwa furaha. Ya video sipokei tena, hata akipiga askofu.