Udongo wa Mlangoni

Juzi, katika hospitali moja ya Mbarara, nilimwona mtaalamu wa mazoezi akibandika vipande vya utepe mweupe sakafuni, mbele ya mzee aliyekuwa akitetemeka na ambaye miguu yake ilikuwa imeganda. "Vuka mstari, mzee, usiburute mguu." Mzee akavuka, akatembea. Nilitoka nje nikiwa na hasira.

Mama yangu alikuwa na ugonjwa huohuo wa kutetemeka. Mchana mmoja, nilipokuwa mtoto kule Nakivale, kambi ya wakimbizi, aliganda mlangoni na sufuria ya maharage mikononi, kisha akaanguka. Nakumbuka harufu ya maharage kwenye vumbi la moto, na jirani akicheka, "Huyu mama amekunywa!"

"Miguu inakataa, mwanangu," mama aliniambia. "Udongo wa hapa unanikamata."

Nilimwamini. Alipolala, nilichukua jembe nikauchimba udongo wote wa mlangoni ili umwachie. Leo najua ugonjwa ulikuwa kwenye ubongo, na kwamba mstari wa mkaa uliochorwa chini ungeweza kumsaidia kuinua mguu. Kitu kidogo hivyo! Hakuna mtu aliyetuambia.

Mama alipoamka, alikuja hadi mlangoni akasimama ukingoni mwa shimo.

"Sasa nitapita fasi gani?" akauliza, akitafuta mahali pa kukanyaga, akarudi kuketi mkekani, nami nikaanza kurudisha udongo kwa mikono.