Kompyuta Niliyoifunika Kitambaa

Nilikosa, na sina wa kumsingizia. Nilikuwa daktari mwenye majivuno na akili ndogo. Vitu hivyo viwili hukaa vizuri pamoja.

Miaka ya tisini ilikuwa inaishia. Hospitali yetu ndogo upande wa Kahama ililetewa kompyuta na wafadhili, ili madaktari tusome kwenye intaneti namna ya kutibu maradhi ya kuambukiza. Nilipelekwa semina ya siku mbili Mwanza, nikasinzia zote mbili, nikarudi nikakabidhiwa ufunguo wa chumba. Kompyuta nikaifunika kitambaa cha kufuma kama redio ya sebuleni. Kuanzia hapo kila ubishi wodini niliumaliza kwa neno moja: intaneti inasema. Wauguzi wakatii. Ubwege mtupu!

Siku moja akaja Masanja, tabibu wa zahanati ya machimboni, mbele ya Masumbwe. Alipanda lori la pamba kutwa nzima kwa ajili ya mgonjwa mmoja, Holo, mke wa mchimbaji, mjamzito wa miezi saba. Homa ilimshika siku tatu, ikamwacha wiki, ikarudi. Zahanati haikuwa na hadubini. Masanja alihisi ni homa ya papasi, wale kupe wa nyumba za udongo, maana Holo alikuwa akilala sakafuni. Ila hakutaka kubahatisha na mimba ya mtu.

"Shikamoo daktari. Naomba uniangalizie kwenye mashine."

Nikajifungia humo nusu saa, nikisoma gazeti la juzi. Nikatoka nimekunja uso.

"Intaneti inasema malaria sugu. Mpe kwinini. Hayo ya papasi ni mambo ya bibi zenu."

Zenu! Mimi niliyezaliwa Kagongwa, kwenye nyumba ya udongo.

Akaondoka akinishukuru, akampa Holo kwinini. Homa ikamshika mara ya tatu, Holo akajifungua mtoto mfu. Walipomleta kwetu, mtu wa maabara aliangalia damu yake mara moja tu, akasema ni papasi. Penisilini ikamponya mama. Dawa hiyo Masanja alikuwa nayo kabatini kwake tangu mwanzo.

Masanja akaomba aone ule ukurasa wa intaneti, apate cha kumweleza mume wa Holo. Nikasema mashine imeharibika. Akasema aione hivyo hivyo.

Nikafungua mlango. Akainua kitambaa. Waya wa kuunganisha na simu, njia pekee ya intaneti siku zile, ulikuwa bado ndani ya nailoni yake, haujaguswa.

"Daktari, ulisoma wapi?"

Alikirudisha kitambaa, akanyoosha pindo, akatoka. Tangu siku hiyo tukikutana hanipi shikamoo, na wauguzi wanajua kwa nini.

Ndugu msomaji, ukiambiwa mashine imesema, mwambie mkubwa wako aiwashe mbele yako. Na wewe mwenye ufunguo mfukoni, jifunze kusema "sijui" ungali na nafasi. Mimi lilinishinda neno hilo dogo, Holo akazika mtoto.